Boriti za Lamu kwenye dari za Dubai

Oyaa familia, habari za huko, leo sipo Marina wala chini ya Burj Khalifa, najua ndo mmezoea niwapeleke huko, leo nipo Al Fahidi, Dubai ya zamani hii, na joto lenyewe hata sisemi, saa nne haijafika shati lishanata mgongoni.

Ngoja nigeuze kamera juu. Mnaona hapo darini? Hizo fito nene zilizopangwa... BORITI hizo. Boriti za mikoko kabisa, zile zile za Lamu na Rufiji, huku wanaziita chandal. Nina mwaka wa sita Dubai sijawahi kuinua kichwa nikaziona, nimekazana kupiga picha maghorofa tu.

Na cheki chumba chenyewe, kirefu halafu chembamba, upana kama mita tatu na ushee hivi, kwa nini? Kwa sababu boriti inaishia hapo! Fundi hana ujanja, mkoko wa kwetu ndo ulikuwa unampimia chumba. Watu wa Lamu na Unguja vyumba hivi mnavijua, hata kuta ni mawe ya matumbawe vile vile. Majahazi yalikuwa yanashuka na kaskazi na tende zao, yakingoja kusi yanarudi yamejaa boriti, kule Lamu zinahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini.

Sasa kilichonileta huku. Juzi dalali mmoja kanipigia, simtaji, anataka ninunue studio, nyumba ya chumba kimoja, ambayo bado ipo kwenye ramani, eti "bro changamka, hapa palikuwa mchanga mtupu mpaka mafuta yalipotoka." Nikamwambia kaka wee, acha.

Hizi nyumba walijenga wafanyabiashara wa Uajemi, ng'ambo ya bahari hapo, ushuru uliwabana kwenye bandari ya Lingeh, Dubai ikawaambia njooni kwetu hatuwatozi, wakahamia na mitaji yao, zaidi ya miaka 100 iliyopita hiyo. Lulu nayo ilikuwa inalipa sana, mpaka Wajapani walipoanza kuzifuga, miaka ya 1930 biashara ikafa, watu wakalala njaa humu. Kilichobaki ni hii khor, huu mkono wa bahari, nao ukawa unajaa mchanga, vyombo vinakwama. Sheikh Rashid, mtawala wa Dubai, akaenda kukopa Kuwait, wakaanza kuchimba 1959, 1961 vyombo vikubwa vinaingia. Mafuta yamegunduliwa lini? 1966! Yaani jamaa kakopa kuchimba njia ya majahazi hajui hata kama chini kuna pipa moja. Mimi hapo ndo nanyoosha mikono.

Na hili la sisi wageni kumiliki nyumba ni la juzi tu, 2002 ndo waliruhusu, tena maeneo maalum, sheria yenyewe ikaja 2006, watu wakanunua kama karanga, mtu analipia asubuhi jioni kashauza hata msingi haujachimbwa, halafu mwisho wa 2008 ikapasuka, bei zikashuka karibu nusu, miradi mingine ikabaki vyuma vimesimama. Zilipanda tena baadae sawa, ila nilipomuuliza dalali kuhusu 2008 akasema "nakurudia." Nasubiri mpaka leo.

Mimi mwenyewe msinione hivi, nalala bedspace, yaani nimekodi kitanda tu, mtaa wa Deira ng'ambo ya hii khor, chumba kimoja tupo sita, kila mtu na pazia lake.

Haya twende tukapande abra, boti ndogo za kuvushia watu, dirham moja tu tunavuka. Mnaona yale majahazi kule? Friji, matairi, magodoro, yote yanapakiwa. Ndugu zangu wa Kariakoo upande ule mnaujua kuliko mimi, mzigo wenu unatokea pale pale.

Sasa nina ombi, mlioko Lamu, Kibiti, Mafia, kama kuna mzee hapo nyumbani aliwahi kukata au kupakia boriti za Arabuni, muulizeni korija moja ilikuwa shilingi ngapi halafu niandikieni hapo chini, nataka kumtumia yule dalali.