Joto la Maji na Konokono Wawili wa Mwea

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mnaokesha mkielekeza maji katika mashamba ya mpunga ya Mwea, hapa Kenya, asanteni kwa kuitikia mwito.

Konokono hana joto lake mwenyewe. Maji yakiwa nyuzi 18, naye ni nyuzi 18. Yakipanda hadi 28, amepanda nayo. Kula kwake, kukua kwake na kutaga kwake hufuata joto hilo. Kwa hiyo nikiulizwa konokono yupi atamshinda mwenzake, nami huuliza: katika maji ya joto gani?

Mchukueni mwenyeji wetu, Biomphalaria pfeifferi, yule mdogo bapa aliyejizungusha kama kamba. Yumo katika mifereji yetu, na kichocho cha tumbo anachokieneza tunakijua. Teremkeni hadi pwani, hamtamkuta. Kule kichocho ni cha mkojo, na kinaenezwa na konokono wa jamii ya Bulinus. Joto lina mkono mkubwa hapo: kwenye nyuzi 25 pfeifferi hustawi, lakini maji yakikaa karibu na 30 kwa muda mrefu, hutaga kidogo na hufa mapema.

Sasa mgeni. Pomacea canaliculata, mzaliwa wa Amerika Kusini, alithibitishwa katika mashamba haya ya mpunga mwaka 2020. Asia alipelekwa karibu na 1980 ili afugwe kwa chakula, akatoroka. Kule Japani baridi humpunguza: maji yakishuka chini ya nyuzi 15 karibu aache kula, yakikaribia 10 hujizika matopeni, na wengi hawaioni mvua ya mwaka unaofuata. Mwea hatuna baridi ya kufanya kazi hiyo. Hata Julai ya ukungu humchelewesha tu. Mwenyeji anashindana na mlaji asiyepumzika mwaka mzima, tena mlaji anayemeza hata mayai ya konokono wengine.

Kuna atakayesema: basi amle huyo wa kichocho, tupone. Wazo hilo si geni. Kaskazini mwa Tanzania, Marisa cornuarietis, ndugu wa mbali wa huyu mgeni, aliwahi kutiwa katika bwawa lililochimbwa na watu, na matokeo yaliyochapishwa 1982 yalionyesha kwamba aina tatu za konokono wenyeji zilitoweka humo, pfeifferi akiwemo. Lakini bwawa lile halikuwa na mpunga. Huyu wetu hukata miche michanga usiku mmoja, na mimi siwezi kumshauri mama mwenye ekari moja akubali biashara hiyo. Kichocho kina dawa, na kina vyoo.

Tazameni mayai yake ya waridi. Hayatagwi majini, hubandikwa juu ya maji, kwenye mashina na kuta za mfereji, kwa hiyo kinachoyaharakisha ni joto la hewa. Siku za joto huanguliwa katika wiki mbili hivi. Siku za baridi huchukua muda zaidi. Wengi wenu mnayakwangua mara moja kwa mwezi, mnapopalilia. Kati ya Januari na Machi, jua likiwa kali, pitieni kila wiki. Mkingoja mwezi uishe, mtakwangua maganda.