Fumo, Jemadari na Afande: Majina Yaliyokuja na Vita

MWANAAMINA: Masalkheri, karibuni tena barazani. Yeo tumekaa uwanja wa Mkunguni, hapa Amu, ndiyo Lamu, ngome iko mgongoni mwetu, na mkisikia punda analia msishangae, hapa ndipo kwao. Mimi ni Mwanaamina.

SEIF: Nami ni Seif. Tuna ujumbe wa sauti wa kuanzia. Mama mmoja wa kijiji cha Matondoni ni mja mzito, na wakwe zake wameshasema mtoto akiwa wa kiume ataitwa Fumo. Yeye hataki. Anasema, "Fumo ni mkuki. Mwanangu wa kwanza nimwite silaha?"

MWANAAMINA: Na wewe Seif jina lako lina maana gani?

SEIF: Upanga. Ndiyo saif ya Kiarabu.

MWANAAMINA: Basi si peke yako. Mitaa yetu imejaa majina ya vitani. Faris ni mpanda farasi wa vita. Ghazi ni mwenye kwenda vitani. Hata Khamis! Sisi twampa mtoto aliyezaliwa Alhamisi, na ni sawa, lakini Waarabu wa kale walikuwa wakiliita jeshi khamis vilevile, kwa sababu lilipangwa mafungu matano: la mbele, la nyuma, la kulia, la kushoto na la katikati.

SEIF: Hilo la Khamis nalisikia sasa hivi, dada. Nina amu zangu wawili wa jina hilo, nitawapelekea. Lakini mimi nilipotumiwa ujumbe huu, akili yangu ilikwenda kwa jemadari.

MWANAAMINA: Kwa sababu ya ngome hii.

SEIF: Ndiyo. Wasikilizaji wetu wa mbali wakumbuke: mwanzoni mwa miaka ya 1810 palipiganwa vita vya Shela. Watu wa kisiwa cha Pate, wakisaidiwa na Wamazrui waliotawala Mombasa, walikuja kuipiga Amu, wakashindwa pale ufukweni. Lakini ushindi ule uliwatia hofu wazee wetu, wakajua maadui watarudi. Wakatuma watu Omani kwa mtawala wake, Seyyid Said, kuomba ulinzi. Akaleta liwali wake, akaleta na askari, na ngome tuliyoiegemea ikamalizika 1821.

MWANAAMINA: Na liwali mwenyewe ni al-wali wa Kiarabu, aliyepewa mji kuusimamia. Sisi tumeliunganisha likawa neno moja.

SEIF: Sasa, askari wa masultani wa Omani wengi walikuwa Wabulushi, watu wa Baluchistan. Ndiyo maana pwani hii hadi leo kuna koo zinazojiita Al-Bulushi. Babu alikuja na bunduki, wajukuu wana maduka na majahazi. Na mkubwa wa kikosi cha namna hiyo aliitwa jemadari. Jama ni kundi la watu, ni mzizi uleule wa "jamaa yangu" tunaosema kila siku. Dar ni Kiajemi, mwenye kushika. Jemadari ni mwenye kushika kundi.

MWANAAMINA: Na mimi hapa ndipo napapenda zaidi. Jemadari huyuhuyu, ukimfuata kwenye jeshi la Waingereza kule India, utamkuta ni ofisa wa ngazi ya chini kabisa kati ya maofisa wa Kihindi. Kavuka bahari, kafika kwetu, akawa mkuu wa jeshi zima. Mshairi wa Kiswahili akitaka kumsifu shujaa asiye na mfano, humwita jemadari. Cheo kimepandishwa na ulimi wetu.

SEIF: Wazungu nao wana jina la ukoo, Marshall. Asili yake Kijerumani cha kale, mtumishi wa farasi, yule wa zizini. Leo cheo cha marshal ndicho cha juu kabisa katika majeshi mengi.

MWANAAMINA: Afande je?

SEIF: Afande ana safari ndefu kuliko wote. Asili ni Kigiriki, bwana, mwenye amri. Waturuki wakalichukua, wakasema efendi, nao walimpa mtu yeyote aliyesoma na kuheshimika, hata karani. Kutoka kwa Waturuki likafika jeshi la Misri, na kwa Wasudani waliotumikia huko. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alikwenda Misri kuajiri askari wa Kisudani, akawaleta kupigana na Abushiri, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani kule Pangani. Walikuja na vyeo vyao mdomoni: afande, shaushi, ombasha. Ombasha kwa Kituruki ni kichwa cha watu kumi.

MWANAAMINA: Shaushi na ombasha wamekufa midomoni mwetu. Afande yu hai. Umesimamishwa barabarani na askari, neno la kwanza kukutoka ni afande.

SEIF: Askari naye ni Kiarabu, 'askar, jeshi. Ila hapa Amu lina uzito wa peke yake, dada. Ngome hii ilifanywa jela tangu 1910 hadi 1984. Kwa bibi yangu, askari hakuwa mtu wa vitani, alikuwa mwenye funguo. Alikuwa akipita hapa Mkunguni anavuta buibui lake, anaharakisha, na mkono wangu ameushika kwa nguvu.

MWANAAMINA: Na gereza lenyewe ni igreja ya Wareno, kanisa. Sitaingia huko, maana mama wa Matondoni anatungojea.

SEIF: Haya, Fumo.

MWANAAMINA: Mama, umesema kweli, fumo ni mkuki, ule wa bapa pana. Lakini kwa watu wa Pate na Ozi fumo ni mfalme. Hilo lilikuwa jina la heshima la watawala. Palikuwa na Fumo Madi wa Pate. Palikuwa na Fumo Bakari wa Witu, aliyepambana na Waingereza 1890 hadi mji wake ukachomwa moto.

SEIF: Na Fumo Liyongo.

MWANAAMINA: Huyo ndiye ninayetaka mama amfikirie. Liyongo alikuwa mpiga mishale, kweli, lakini alikuwa malenga vilevile; akiwa kifungoni alitunga wimbo, akapata kutoroka kwa akili na kwa msaada wa mamake. Wanasimulia kwamba mwanawe alimchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo akainuka, akaenda kisimani, akapiga goti akaupinda uta, akafa vile vile alivyo. Watu wakamwona, wasithubutu kuteka maji. Mji ukakaa na kiu, hadi mamake akaitwa kwenda kumsihi, naye akawa anamwimbia, hajui kwamba mwanawe ameshakufa.

SEIF: Siku ngapi?

MWANAAMINA: Hadi alipoanguka mwenyewe.

SEIF: ... Mama wa Matondoni, ukijifungua salama inshallah, tutumie ujumbe mwingine. Tutakuwa hapahapa.