Kadi Bubu: Kusoma SmartMedia, xD na Memory Stick kwenye Kompyuta ya Leo

ATUPELE: Kamwene, kaka Festo.

FESTO: Ugonile, dada Atu. Wewe umenianza kwa Kihehe, mimi nimejibu kwa Kinyakyusa, basi tumekutana Makambako, katikati ya Iringa na Mbeya.

ATUPELE: Hapo hapo. Leo tuna swali la msikilizaji mwenye studio ya picha Mwanjelwa, Mbeya. Ana boksi la kadi za kamera za zamani, picha za harusi na kipaimara. Rida aliyonunua inasoma SD na maikro SD tu. Kadi nyingine hazina hata tundu la kuingia. Aanzie wapi?

FESTO: Azimwage mezani, achukue rula. Maandishi ya juu yanafutika, lakini vipimo havifutiki. Kadi ya milimita 45 kwa 37, nyembamba kama kadi ya benki, haifiki hata milimita moja, na ina kipande kikubwa cha dhahabu upande mmoja: hiyo ni SmartMedia. Ndogo ya 20 kwa 25 ni xD. Ndefu kama kipande cha Big G, 50 kwa 21 na nusu, ni Memory Stick ya Sony. Na ile nene, ngumu, yenye matundu 50 ukingoni, ni CompactFlash.

ATUPELE: Kuna na zile zinazofanana kabisa na SD lakini nyembamba zaidi.

FESTO: MMC. Unene wake milimita 1.4, wakati SD ni 2.1. MMC ina miguso saba, SD ina tisa. Rida nyingi za SD zinaisoma bila shida, kwa hiyo tusikae hapo.

ATUPELE: Tukae wapi?

FESTO: Kwenye jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. CompactFlash ilitolewa na SanDisk mwaka 1994, ndiyo mkubwa wa wote, na bado ndiyo rahisi kuliko zote. SmartMedia ya Toshiba ni ya 1995, xD ya Olympus na Fujifilm ni ya 2002, na ndizo zinazosumbua. Umri si sababu. CompactFlash ina kidhibiti chake ndani. Ukiiuliza "nipe sekta ya 500," yaani kipande kidogo cha data chenye namba hiyo, inakupa. Inaongea yenyewe. SmartMedia na xD ni chipu tupu ya kumbukumbu iliyopakwa plastiki. Ni bubu. Hazijui sekta ya 500 iko wapi. Anayejua ni rida.

ATUPELE: Kwa hiyo rida ndiyo mkalimani.

FESTO: Ndiyo, na kuna wakalimani wabovu. Ndani ya SmartMedia ya kisasa kidogo, kumbukumbu imekatwa vipande vya kilobaiti 16, na kila vipande 1024, ni 1000 tu vinavyotumika. Hivyo 24 ni vya akiba, kufidia vilivyokufa. Mpangilio wake haufuatani; kila kipande kimebandikwa namba yake pembeni, na rida lazima isome namba zote ndipo ipange picha zako. Ikikosea namba moja, picha inatoka nusu nzuri, nusu mistari.

ATUPELE: Hapo watu wanasema kadi imekufa.

FESTO: Wanaitupa! Kumbe rida ndiyo haijui lugha. Kabla hujailaumu kadi bubu, ijaribu kwenye rida ya aina nyingine kabisa, yenye chipu tofauti. Kununua mbili zinazofanana kwenye kaunta moja hakusaidii.

ATUPELE: Na Memory Stick?

FESTO: Zile za kwanza, za 1998, ziko katikati. Zina kitu kidogo cha mawasiliano ndani, lakini kazi ya kupanga vipande inaachiwa rida. Mwisho wake ni megabaiti 128. Memory Stick PRO zilizofuata zinajipanga zenyewe. Ndiyo maana rida iliyoandikwa "MS PRO" peke yake inaweza kuikataa ile ya zamani ingawa inaingia vizuri. Tafuta iliyoandikwa na "MS" kavu.

ATUPELE: Sasa rida zenyewe. Mtu akipita Kabwe au Mwanjelwa kwenye meza za vifaa vya mtumba, atafute nini?

FESTO: Zile pana za USB 2.0 zenye matundu manne au matano mbele, zilizokuwa zinauzwa kwa maneno kama "23 kwa moja". Soma maandishi ya mbele: SM ni SmartMedia, xD ni xD, MS, CF. Rida mpya za USB 3 karibu zote zimeacha SM, na nyingi zimeacha xD. Kama umepata Olympus MAUSB-10 au Fujifilm DPC-R1, hizo zinasoma SmartMedia na xD.

ATUPELE: Lakini usiitarajie Windows ya leo izitambue moja kwa moja. Draiva zake, yaani programu za kuziendesha, ni za enzi ya XP, na Windows ya biti 64 haizipokei. Kwenye Linux draiva yake, ums-alauda, imo tayari ndani ya kernel, kiini cha mfumo huo. Rida ya SmartMedia ya SanDisk, SDDR-09, nayo inayo yake. Kwa hiyo flashi moja ya Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, unawasha nayo laptopu bila kugusa Windows iliyomo, na rida inafufuka.

FESTO: Na kama rida ya zamani inakatika-katika kwenye tundu la USB 3, pitisha kwenye habu ya USB 2. Mara nyingi inatulia.

ATUPELE: Kabla hatujachomeka. Volti.

FESTO: Enhee. SmartMedia za mwanzo ni za volti 5, za baadaye ni 3.3. Zinafanana, ila kona iliyokatwa iko upande wa pili. Nyingi za 3.3 zimeandikwa. Weka mbili pamoja, miguso juu, utaona tofauti. Rida nyingi ni za 3.3 tu, na ya volti 5 haitaingia vizuri. Usiisukume. Hiyo itahitaji kamera yake.

ATUPELE: Usafi?

FESTO: Miguso ya SmartMedia iko wazi kabisa, alama za vidole zote zimo. Pamba ya masikioni na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, futa kwa mwelekeo mmoja, acha ikauke dakika tano. Spiriti ya vidonda ya dukani tuiache, nyingine ina mafuta na inaacha utando. Na hii tabia ya mafundi kusugua kwa raba ya penseli, mimi siipendi. Dhahabu ile ni nyembamba mno.

ATUPELE: Mimi naikubali kama kutu imeshaonekana na alkoholi imeshindwa. Raba laini, mara moja, mkono mwepesi.

FESTO: Haya, mara moja. Jambo jingine la huku kwetu: kadi iliyokuwa kwenye chumba baridi cha Tukuyu au Njombe mwezi wa saba, ukiileta karibu na jiko la mkaa, inatoa jasho. Iache ndani ya mfuko uliofungwa saa moja, ipate joto la chumba, ndipo uichomeke.

ATUPELE: Na CompactFlash, hatari yake iko kwenye rida, kwa sababu pini 50 ziko ndani ya rida. Ukiingiza kadi kwa ubavu, pini inalala.

FESTO: Kila mara tazama ndani kwa tochi ya simu. Pini iliyolala, inyanyue kwa ncha ya penseli ya kubonyeza ya milimita 0.5, bila risasi. Ile ncha ina tundu, inaivaa pini vizuri. Na kama kadi ni nene, milimita 5, hiyo huenda ni Microdrive, diski kabisa inayozunguka. IBM walianza kuzitoa 1999. Inataka umeme zaidi na haitaki kudondoshwa. Tumia tundu la USB la nyuma ya kompyuta, siyo la mbele.

ATUPELE: Sasa imewaka. Hapa ndipo watu wanapoua picha. Windows inasema diski lazima ifomatiwe. Jibu ni hapana. Ujumbe huo unamaanisha tu kwamba haijaelewa ilichosoma. SmartMedia na xD ukizifomati kwenye kompyuta, kamera yenyewe inaweza kuzikataa baadaye, maana taarifa za kuitambulisha kadi zinaweza kufutwa.

FESTO: Kufuli?

ATUPELE: Memory Stick ina swichi ndogo nyuma, isogeze. SmartMedia ina duara dogo ambapo unabandika stika ya fedha, rida inaihisi na kukataa kuandika. Zile stika hazipatikani siku hizi; kipande cha foili ya jikoni na gundi nyembamba kinaweza kufanya kazi, ila kiwe bapa kabisa kisije kikabaki ndani ya rida. xD na CompactFlash hazina kitu. Kwa hiyo kwenye Ubuntu zima kwanza ile tabia ya kuifungua kadi yenyewe, kwa kuandika amri hii kwenye terminali:

gsettings set org.gnome.desktop.media-handling automount false

Halafu chomeka, andika lsblk, inaorodhesha diski zote na majina yake. Angalia ukubwa. SmartMedia ya 64 itaonyesha kama 62.5M, ya 128 itaonyesha 125M. Zile 24 za akiba za kaka Festo ndizo sababu, 1000 badala ya 1024. Ukiona 0B, rida haijaiona kadi. Itoe, safisha, rudisha. Ukiona ukubwa mwingine kabisa, mkalimani anabahatisha, simama hapo.

FESTO: Ukubwa ukiwa sawa?

ATUPELE: Usifungue picha hata moja. Vuta nakala ya kadi nzima kwanza, tunaita imeji. Sakinisha gddrescue na testdisk, kisha, kama lsblk imeiita kadi sdb:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb kadi01.img kadi01.map

Hiyo -r3 ni kurudia mara tatu sehemu zilizokataa. Faili ya map usiifute. Ukibadilisha rida, au umeme ukikatika na faili hizo ziko kwenye diski halisi, unaandika amri ile ile na inaendelea palipobaki. Kwa rida ya USB 1.1, kadi ya 128 itachukua dakika mbili tatu na kuzidi. Kwenye Windows, Win32 Disk Imager, kitufe cha Read. Cha Write kiko jirani, na kazi yake ni kufuta kadi yako.

FESTO: Kisha imeji inafunguliwa vipi?

ATUPELE: sudo losetup -rPf --show kadi01.img, itakujibu loop0 au nyingine, kisha sudo mount -o ro /dev/loop0p1 /mnt. Picha zimo kwenye folda ya DCIM. Folda ikiwa tupu au majina yamevurugika, endesha photorec, iliyokuja na testdisk, juu ya imeji ile ile, chagua jpg, hifadhi kwenye diski nyingine. Majina yatapotea, zitaitwa f pamoja na namba, lakini tarehe ya kamera inabaki ndani ya picha.

FESTO: Na asiyepata rida kabisa atumie kamera yenyewe.

ATUPELE: Hapo tunatofautiana. Kamera ikijitambulisha kwa PTP, njia ya kutuma picha tu kwa kompyuta, inakupa picha zinazoonekana tu. Imeji huwezi kuvuta, na zilizofutwa hutaziona.

FESTO: Sawa, lakini kamera ndiyo iliyoandika kadi. Hakuna mkalimani bora. Kwenye menyu ya kamera chagua "Storage" badala ya PTP kama ipo, weka betri nne za AA za kuchaji zilizojaa, siyo zile za redio zilizobaki nusu. Kama waya wake ni wa seria, ule wa kabla ya USB, jaribu programu ya gphoto2 kwenye Linux, gphoto2 --list-cameras, uone kama aina yake imo.

ATUPELE: Kwa kadi nzima-nzima, nakubali. Kwa iliyovurugika, rida. Na yule wa Mwanjelwa asiweke boksi miaka mingine mitano: chaji ndani ya chipu inavuja polepole, na SmartMedia inaweza kurekebisha biti moja tu katika kila baiti 256. Zikiharibika mbili ndani ya baiti 256 zile zile, haina dawa. Aanze na SmartMedia, afuate xD, kisha Memory Stick za zamani.

FESTO: CompactFlash zisubiri, hizo hata rida ya mwaka huu itazisoma.