Wasifu wa mama hauandikwi usiku wa mkesha

Tumsifu Yesu Kristo. Haya, mama zangu na kina baba wa jumuiya, nimekuja na lile lile, na mtalisikiliza tena.

Mama mcha Mungu anafariki, wasifu wake unaandikwa saa sita usiku na mjukuu asiyejua bibi alibatizwa wapi. Kesho tunasomewa kwamba marehemu "alikuwa mcheshi na mpenda watu". Hivi kuna marehemu Tabora hii ambaye hakuwa mcheshi?

Nendeni ofisi ya parokia. Kitabu cha ubatizo kina namba, tarehe, majina ya wazazi na ya msimamizi wa ubatizo. Pembeni huongezwa kipaimara na ndoa. Lakini ukienda kuulizia "Maria" tu, utarudi mikono mitupu, maana kina Maria wamejaa ukurasa mzima. Beba jina la baba yake, jina la msimamizi, na mwaka wa kukisia. Kisha ombeni wapekue miaka mitatu mbele na mitatu nyuma. Asipoonekana, huenda parokia yenu ni changa, na kigango chake, yaani kanisa dogo la kijijini, wakati ule kilikuwa chini ya parokia mama. Wa upande wa Nzega, ulizieni parokia ya Ndala kwanza. Madaftari ya zamani mengi ni ya Kilatini, padre awasaidie. Tena tarehe ya ubatizo si ya kuzaliwa: aliyepitia ukatekumeni, yaani mafundisho ya kabla ya ubatizo, akiwa mtu mzima, umri wake mara nyingi ulikadiriwa. Andikeni "takriban".

Mbona nang'ang'ania? Wasifu unasema mama alipewa kipaimara mwaka 1955 na Askofu Mkuu Marko Mihayo wa Tabora. Mihayo kapata uaskofu 1960! Unasema aliongoza WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, mwaka 1968. WAWATA imeanza 1972. Wazee pale mbele wanatazamana, na kuanzia hapo hata ya kweli hayaaminiki tena.

Mtasema: mwalimu, msiba ni wa kulia, si wa kukagua madaftari. Lieni. Lakini kamati inayopata jeneza, masufuria na maturubai kabla ya adhuhuri ikose kijana mmoja wa kumtuma parokiani? Na afadhali aulizwe mama mwenyewe, yu hai, anachambua mchele. Si uchuro. Wengi wanangoja tu kuulizwa.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kifo, sentensi tatu: alianza kuugua lini, alipokea lini mpako wa wagonjwa, alifariki lini na wapi. Ugomvi wa rufaa ya hospitali ubaki nyumbani. Wasifu usomwe nyumbani kabla mwili haujaenda kanisani. Mahubiri ya Misa ya mazishi si ya kumsifu marehemu, kwa hiyo padre akikataa wasifu usomwe kanisani msimnunie. Ukurasa mmoja na nusu, basi. Msimpe kitinda mimba asome, atakwama mstari wa pili. Apewe mkwe mwenye sauti. Na maandishi yawe makubwa, atasoma juani.