Ukuta kwanza, boila baadaye: kukarabati nyumba ya zamani Uingereza

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo tunaizungumzia nyumba ya aina moja tu: ile ya matofali ya kuchoma iliyojengwa Uingereza kabla ya 1919, iliyoungana na za majirani safu nzima ya mtaa. Wengi wenu mnaishi humo, na swali lenu ni moja: ninunue boila mpya, yaani mashine ya kuchemsha maji ya kupasha nyumba joto, au pampu ya joto, ile ya umeme inayovuta joto kutoka nje na kupasha maji kwa nyuzi za chini zaidi? Nawaomba tuliweke kando kidogo, tuanzie ukutani.

Ukuta wa nyumba hizi ni tofali tupu, unene wa milimita 225 hivi, bila uwazi katikati. Fundi akikuahidi kupuliza pamba ndani ya ukuta kama huo, mwambie hapana, maana hakuna pa kuipuliza. Kila mita ya mraba hukadiriwa kupitisha wati 2.1 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Chukua ukuta wa mita 60 za mraba, ndani nyuzi 21, nje nyuzi 2 chini ya sifuri. Zidisha 2.1 kwa 60 kwa 23: karibu wati 2,900 zinapotea ukutani peke yake. Ukiuvika kwa ndani bodi za nyuzi za mbao za milimita 60, upotevu unashuka hadi wati 700 hivi. Kwa vitendo utazidi kidogo, kwa sababu joto hupenya penye pembe na mahali kuta za vyumba zinapokutana na ukuta wa nje.

Kwa nini nyuzi za mbao, na bodi za povu zenye foili zipo? Sababu ni unyevu. Tofali hunywa mvua, kisha hukauka kwa pande zote mbili. Ukiliziba kwa foili upande wa ndani, na joto la chumba halilifikii tena, linabaki baridi na maji. Kinachooza kwanza ni ncha za boriti za sakafu zilizochomekwa humo, na hutaziona mpaka sakafu ianze kubonyea. Waliokulia Mji Mkongwe au Lamu wanalijua jambo hili: nyumba ya mawe na chokaa ukiipiga lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unamomonyoka. Tofali la hapa Uingereza halina tofauti.

Kwa hiyo tengenezeni mifereji ya paa kwanza, na udongo wa nje ushuke milimita 150 chini ya tabaka la kuzuia unyevu, lile lililolazwa chini ukutani ili maji ya ardhini yasipande. Sawazisheni ukuta kwa lipu ya chokaa, kisha bodi ishikane nao bila uwazi wowote, na juu yake lipu ya chokaa tena. Msiyasahau mashavu ya madirisha, yaani kingo za ukuta zinazozunguka dirisha: hata bodi ya milimita 20 inatosha. Yakiachwa wazi, kuvu huota hapo hapo.

Darini kazi ni rahisi, na ndiyo ya kuanza nayo kama fedha ni chache. Milimita 100 za pamba ya kioo kati ya boriti, 170 nyingine zikipita juu yake kwa kukingama. Acheni milimita 50 za hewa kwenye ukingo wa paa. Nyaya za umeme zipandishwe juu ya pamba, kwa sababu zikifunikwa hupata moto. Chini ya tangi la maji msiweke pamba, na mabomba yavikwe kinga ya baridi, kwani dari sasa litakuwa baridi zaidi na maji yanaweza kuganda.

Matofali yenye matundu, yanayoingiza hewa chini ya sakafu ya mbao, yasizibwe kamwe. Bafuni wekeni feni inayotoa lita 15 za hewa kwa sekunde.

Sasa boila. Siku ya baridi kali, shusheni joto la maji yake hadi nyuzi 50, muiache siku nzima. Vyumba vikibaki na joto, rejeta, yaani vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto, zinatosha hata kwa pampu. Chumba kikipoa, badilisheni rejeta ya chumba hicho tu. Rejeta inayouzwa kama ya wati 1,500 hutoa karibu 500 tu maji yanapoingia kwa nyuzi 45, ndiyo maana pampu hulaumiwa kwa kosa la rejeta.

Ruzuku ya serikali ya pampu kwa Uingereza na Wales ilipandishwa hadi pauni 7,500 Oktoba 2023. Kabla ya kusaini, mtakeni fundi hesabu ya upotevu wa joto, chumba kwa chumba, kwa ukuta mliokwisha kuuvika. Akipima ukuta mtupu, atawauzia mashine kubwa kupita kiasi, itakayowaka na kuzima kila mara na kula umeme zaidi.