Shaba Ndani ya Kidonda

Ndugu wauguzi, wafamasia na wanafunzi wa hapa Tabora, vichupa hivi viwili vilivyo mezani vyote vina maji ya buluu. Cha kwanza ni mrututu ulioyeyushwa, ule ambao wazee wetu waliupaka kwenye kidonda sugu hadi mgonjwa akaruka kwa uchungu; cha pili ni seramu ya peptidi ya shaba, inayouzwa kama kipodozi, tena kwa bei isiyo na huruma. Buluu ya vyote viwili ni ya shaba, madini ambayo Wanyamwezi waliyafuata hadi Katanga, kusini mwa Kongo, katika karne ya 19.

Tofauti ni namna shaba ilivyoshikwa. Katika mrututu iko huru, hivyo huua vijidudu na kuunguza pia nyama iliyo hai. Katika seramu imekumbatiwa na asidi amino tatu, yaani glisini, histidini na lisini, mnyororo mfupi uitwao peptidi, ambao mwanasayansi Loren Pickart aliutambua mwaka 1973 katika utegili, yaani majimaji ya damu ya binadamu.

Kidonda kinaihitaji shaba kwa sababu kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni na elastini, protini zinazoipa ngozi uimara na mnyumbuko, hakifanyi kazi bila madini hayo. Bila kufungwa huko, kidonda huziba lakini kovu huwa dhaifu. Zaidi ya hapo, mwaka 1988 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba peptidi hii huzichochea seli za fibroblasti zilizooteshwa maabara zitengeneze kolajeni zaidi, na mpangilio wa asidi zake tatu umo ndani ya kolajeni yenyewe, kana kwamba kamba ikikatika humwita msokotaji wake.

Hata hivyo, seli za maabara hazina kisukari wala mishipa iliyochoka. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1992 kuhusu vidonda vya miguu vitokanavyo na mishipa ya vena, krimu ya peptidi hii haikuishinda krimu isiyo na dawa. Iliyopunguza vidonda ni silva salfadiazini, ambayo ninyi wauguzi mnaipaka kwenye majeraha ya moto. Kwa hiyo mteja mwenye kisukari akija dukani na kidonda cha mguu, akaulizia kichupa cha buluu, mpimeni sukari na kumpeleka hospitali siku hiyohiyo. Anayetaka kulainisha mikunjo usoni ni habari nyingine, na mimi simzuii.

Sasa seramu ipite mkono kwa mkono. Mrututu ubaki hapa mezani.