Mpime Mzabuni kwa Siku Mtakayomuacha

Mnapochagua kampuni ya kuwapa huduma za simu na mitandao, msiangalie bei tu. Nianze na muda ambao haunitoki kichwani: miezi 33. Ndivyo serikali kuu ya Marekani ilivyochelewa kuhama kutoka FTS2001, mkataba wake wa zamani wa simu na mitandao, kwenda mkataba mpya ulioitwa Networx. Wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo, GAO, walipiga hesabu mwaka 2013 wakakuta kuchelewa huko kumegharimu takriban dola milioni 395. Kati ya hizo, kama milioni 329 ni unafuu uliopotea tu: bei za chini zilikuwepo, mikataba ilishasainiwa tangu 2007, na bado taasisi ziliendelea kulipa bei ya zamani.

Tulieni hapo kidogo. Kazi ya kulinganisha wazabuni ilikuwa imeshafanyika, na ikafanyika vizuri. Kilichokwama ni kuhama. Mipango ilikuwa dhaifu, utaratibu wa kuagiza huduma ulikuwa mgumu, wataalamu wa mawasiliano walikuwa wachache ndani ya taasisi zenyewe. Na anayehama sharti ajue ana nini. Utaagizaje mbadala wa laini usiyojua iko jengo gani, inalipiwa na nani, na kama kuna anayeitumia?

Ndiyo maana jedwali la kulinganisha bei za wazabuni peke yake linanitia hofu. Linampima mzabuni siku ya kuingia.

Jambo la pili ni majina: kampuni mbili za leo zinaweza kuwa moja kesho. Mwaka 2017 GSA, taasisi inayoinunulia serikali hiyo huduma za pamoja, ilitoa mkataba wa EIS, mrithi wa Networx: miaka 15, ukomo wa dola bilioni 50, kampuni 10. Ndani ya orodha hiyo CenturyLink na Level 3 walisimama kila mmoja kivyake. Mwaka haukuisha, CenturyLink akamnunua Level 3. Qwest, aliyekuwa kwenye Networx, alishamezwa na CenturyLink huyo huyo mwaka 2011. Sasa mchukueni ofisa aliyegawa laini zake kati ya Qwest na Level 3 ili mmoja akianguka mwingine ashike. Hakukosea. Lakini siku moja aliamka akiwa na mzabuni mmoja.

Hata wasipoungana, kampuni mbili hasimu zinaweza kupitisha nyaya zao kwenye bomba moja chini ya barabara moja, na koleo la mchimba mtaro likazikata zote kwa pigo moja. Kwa hiyo mimi naomba ramani ya njia ya waya kabla sijaangalia bei.

Masharti ya usalama hayana mjadala mrefu: sheria ya mwaka 2018 inaizuia serikali hiyo kununua vifaa vya Huawei na ZTE, na mzabuni asiyetimiza hilo haingii kwenye ulinganisho.

Narudi kwenye kuondoka, maana ndipo fedha za umma zinapovuja. Mwaka 2003 GSA ilimsimamisha WorldCom, kampuni ya simu, asipate mikataba mipya ya serikali kuu, baada ya kashfa ya vitabu vya hesabu. Mikataba aliyokuwa nayo ikaendelea. Simu za serikali hazikatwi jioni zikaunganishwa kwingine asubuhi.

Basi mkiandaa zabuni, mtakeni kila mzabuni aandike: mkimuondoa, itachukua siku ngapi, nani atalipia laini zikiwa mbili, ya zamani na mpya, kwa wakati mmoja, na mtakabidhiwa lini orodha kamili ya laini. Majibu hayo yapeni alama, kama mnavyoipa alama bei.